Kuisoma Loiyangalani kwa sensa, ramani na setilaiti: kipi kinafaa, kipi kinapotosha

Mwalimu anayeandaa somo la jiografia, afisa wa shirika anayepanga mradi wa maji, mwanahabari anayetafuta idadi ya Waelmolo, dereva anayejaza mafuta Laisamis kabla ya kushika njia ya ziwani: wote huishia kwenye nyaraka zilezile. Kuna majuzuu ya Sensa ya 2019 ya Shirika la Kitaifa la Takwimu (KNBS), ramani za karatasi za Survey of Kenya (idara ya serikali ya upimaji), ramani za mtandaoni na picha za setilaiti. Hapa tunazipima zote kwa kijiji kimoja, kwa sababu Loiyangalani ni mahali panapozitoa jasho. Ufuo wake unahama, watu wake wanahama, na jina lake limebandikwa kwenye maeneo kadhaa yasiyolingana kwa ukubwa.

Kwanza mahali penyewe. Loiyangalani iko ufuo wa kusini-mashariki wa Ziwa Turkana, Kaunti ya Marsabit, karibu nyuzi 2 na dakika 45 kaskazini mwa ikweta. Ziwa liko kwenye kimo cha mita 360 hivi juu ya usawa wa bahari. Mashariki yake umesimama Mlima Kulal, wenye kimo cha karibu mita 2,285, kwa hiyo baina ya maji na kilele kuna mwinuko wa zaidi ya mita 1,900. Nchi iliyo katikati ni mawe meusi ya volkano, na upepo mkali huvuma humo hasa usiku na asubuhi. Kijiji kipo pale kwa sababu ya chemchemi ya maji baridi yasiyo na chumvi, iliyozungukwa na mikoma na migunga. Maji ya ziwa ni ya magadi na yana floridi nyingi. Floridi hiyo ndiyo inayotia meno rangi ya kahawia na kupinda mifupa ya miguu kwa waliokunywa maji hayo tangu utotoni. Wakazi ni Waturkana, Wasamburu, Warendille na Waelmolo, pamoja na wafanyabiashara na watumishi wa serikali kutoka kwingine.

Sensa ndiyo bidhaa bora kati ya hizi zote, na ni ya bure: majuzuu yanapakuliwa kwenye tovuti ya KNBS katika muundo wa PDF. Juzuu la I linatoa jumla za kaunti na kaunti ndogo. La II linashuka hadi kata ndogo, yaani eneo la naibu wa chifu. La III ni la umri na jinsia. La IV ni la hali ya maisha: shule, kazi, nyumba, maji, mwanga, simu, mifugo, dini na kabila. Anayetafuta kijiji aanze na la II. Majuzuu mengine humsaidia kulielewa.

Tatizo la kwanza litamkuta kwenye jina. Neno Loiyangalani ni kituo cha biashara kando ya ziwa, ni eneo la utawala wa chifu, ni kaunti ndogo nzima, na ni wadi ya uchaguzi katika eneobunge la Laisamis. (Wasomaji wa Tanzania wakumbuke kwamba kata ya Kenya ni eneo la chifu aliyeajiriwa na serikali, na wadi ndiyo yenye mwakilishi wa kuchaguliwa.) Sensa ya 2019 inaipa kaunti ndogo ya Loiyangalani watu 35,713. Namba hiyo huokotwa na kuandikwa kuwa ni idadi ya watu wa “mji wa Loiyangalani”, nayo si kweli hata kidogo. Ndani yake wamo wavuvi wa ufuoni na wafugaji ambao ziwa wanalitazama kwa mbali. Wadi nayo ni mipaka ya tume ya uchaguzi, si ya utawala wa machifu, kwa hiyo usichukue idadi ya wapigakura wa wadi ukaigawanya kwa idadi ya watu wa kaunti ndogo. Asilimia itakayotoka haina maana yoyote.

Tatizo la pili ni la kiufundi, na ndilo linalowaharibia kazi wengi zaidi. Jedwali kuu la Juzuu la II linapanga ngazi zote katika safu moja: kaunti, kaunti ndogo, tarafa, kata, kata ndogo. Kinachozitenganisha ni nafasi ya kuingia ndani na uzito wa herufi. Ukinakili jedwali hilo kwenda kwenye lahajedwali, au ukilitoa kwa programu ya bure kama Tabula, ile nafasi inapotea. Unabaki na mistari inayobeba jina moja na namba tofauti, na hujui ipi ni ya ngazi gani. Ukijumlisha safu yote unamhesabu mtu yuleyule mara nne au tano.

Dawa yake ni kujumlisha kuanzia chini. Fungua PDF yenyewe pembeni, usiifunge. Tafuta sehemu ya Marsabit, kisha andika kwenye kisanduku cha kutafutia “ngalani” badala ya jina zima, kwa sababu tahajia hubadilika kati ya waraka na waraka: Loiyangalani, Loyangalani, Loyengalani. Shuka mstari kwa mstari na ongeza safu mpya kwenye lahajedwali lako yenye namba ya ngazi, 1 kwa kaunti hadi 5 kwa kata ndogo. Sasa jumlisha kata ndogo zilizo chini ya kata moja. Jumla ikilingana na mstari wa kata, umepanga sawa. Isipolingana, kuna kata ndogo iliyokatwa na ukurasa au jina refu lililovunjika mistari miwili. Rudia kwa kata hadi tarafa, kisha tarafa hadi kaunti ndogo, mpaka ufike 35,713. Ukifika hapo jedwali lako ni la kuaminika, na mstari wa kata ndogo yenye kituo cha biashara ndio ulio karibu zaidi na kile ambacho watu huita kijiji.

Hesabu ya kaunti inakubali vizuri ukiijaribu. Marsabit ina wanaume 243,548, wanawake 216,219 na watu 18 wenye jinsia mbili, jumla 459,785. Kundi hilo la tatu lilihesabiwa kwa mara ya kwanza katika sensa ya 2019. Ukijumlisha wanaume na wanawake peke yao utapungukiwa, na wapo walioandika kwamba sensa imekosea kwa sababu tu hawakuiona safu ya tatu. Kaunti ndogo nazo ni Loiyangalani 35,713, Marsabit Central 79,181, Marsabit North 60,494, Marsabit South 65,376, Moyale 108,949, North Horr 71,447 na Sololo 38,483. Zijumlishe upate 459,643. Waliobaki ni 142, nao wameandikwa chini ya msitu wa Marsabit. Tumeutaja mfano huu kwa urefu kwa sababu unaonyesha ubora wa kazi yenyewe. Namba zinafungana. Makosa mengi yanayosambazwa huzaliwa kwenye kunakili.

Msongamano wa watu ndio safu tunayomshauri msomaji aiache. Kaunti ya zaidi ya kilomita za mraba 70,000 ikigawanywa kwa watu hawa inatoa kama watu 6 kwa kilomita moja ya mraba. Hakuna mahali pa kuishi Marsabit panapofanana na namba hiyo. Pale penye chemchemi, kisima, shule na zahanati nyumba zimebanana. Ukitoka nje unaweza kwenda kutwa nzima ukakuta mifugo kabla hujakuta paa. Kwa Loiyangalani msongamano unaofaa ni wa kata ndogo, na hata huo usomwe ukiwa na ramani mbele yako, kwa sababu eneo la kata ndogo ni kubwa na watu wako kwenye kipande chake kidogo cha ufuoni.

Kuna pia suala la usiku wenyewe. Sensa ya 2019 iliuliza ni nani aliyelala hapo usiku wa tarehe 24 kuamkia 25 Agosti. Agosti ni kiangazi kaskazini mwa Kenya, mvua zikiwa ni za Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba. Wakati huo vijana wako fora, yaani kambi za malishoni, na ngamia, ng’ombe na mbuzi, mbali na nyumba za wazee na watoto. Kwa hiyo mfugaji huweza kuhesabiwa katika kata isiyo ya familia yake, na uwiano wa wanaume kwa wanawake katika kata ndogo ya ufuoni ukawa na sura ya Agosti tu. Anayepanga chanjo au chakula cha Aprili asiichukue namba hiyo kama ilivyo. Kwa mvuvi tofauti hii ni ndogo zaidi, ingawa naye huhamisha kambi ufuoni akifuata samaki.

Kulinganisha na 2009 kunahitaji tahadhari ya aina nyingine. Sensa ya 2009 iliipa Marsabit watu 291,166, kwa hiyo ongezeko la kaunti linaweza kuhesabiwa. Kijiji hakiwezi kulinganishwa kirahisi hivyo. Mwaka 2009 Loiyangalani ilikuwa chini ya wilaya ya Laisamis, na mpangilio wa utawala ulibadilika baada ya katiba ya 2010. Namba mbili zenye jina moja katika sensa mbili zinaweza kuwa za maeneo mawili tofauti. Linganisha kata ndogo kwa kata ndogo, na kabla ya hapo hakikisha eneo la kilomita za mraba ni lilelile katika sensa zote mbili. Kama eneo limebadilika, mpaka umebadilika, na hesabu yako ya ukuaji iishie hapo.

Juzuu la IV tunalipenda kwa majedwali ya nyumba, na ndilo linalohitaji usomaji wa makini kuliko yote. Chukua maji. Orodha ya vyanzo inatenganisha chemchemi iliyolindwa na isiyolindwa, kisima kilicholindwa na kisicholindwa, kisima cha kuchimbwa kwa mtambo, bomba la nyumbani, bomba la umma na mchuuzi wa maji. Lakini bwawa na ziwa vimewekwa kapu moja. Kwa Nyeri hilo halisumbui. Kwa Loiyangalani linasumbua sana, kwa kuwa maji ya bwawa la mvua na maji ya ziwa lenye floridi ni mambo mawili kwa afya ya mtoto. Jedwali nalo ni la kaunti ndogo, halishuki hadi kijiji. Mtu wa afya analazimika kwenda kuuliza nyumba kwa nyumba ni maji gani hasa yanayochotwa.

Paa nazo zina hadithi ya namna hiyo. Orodha ina nyasi na vijiti, makuti, udongo na samadi, mabati, turubai, nailoni na makaratasi. Nyumba ya mviringo ya ufuoni ni fito zilizopindwa, zikafunikwa majani ya mkoma, kisha mara nyingi nailoni au turubai hutandazwa juu na kukazwa kwa kamba na mawe upepo usiipeperushe. Karani wa sensa anatakiwa ataje nyenzo moja kuu tu. Nyumba mbili zilizojengwa kwa mkono mmoja zinaweza kuangukia visanduku viwili. Ukitaka kujua nyumba zilizo hatarini kwa upepo, jumlisha visanduku vyote vya nyenzo laini pamoja. Usiegemee kimoja.

Sasa kabila, ambalo ndilo wengi hufungulia juzuu hili. Sensa ya 2019 inataja Waelmolo 1,104. Ile ya 2009 iliwataja 2,840. Namba hizi ni za nchi nzima. Jedwali la kabila halina safu ya kijiji wala ya kaunti ndogo, kwa hiyo hakuna njia ya kupata kutoka humo kwamba Loiyangalani ina Waelmolo wangapi. Pili, kabila katika sensa ni lile mtu anavyojitaja. Waelmolo wameoana kwa vizazi na Wasamburu na Waturkana, na lugha wanayozungumza kila siku ni Kisamburu. Lugha yao ya asili, ya jamii ya Kikushi, imekwisha kutoka vinywani. Kupungua kwa zaidi ya asilimia 60 ndani ya miaka kumi hakuwezi kusomwa kama hesabu ya vifo na vizazi peke yake. Kunategemea pia mtu alijiita nani siku hiyo na karani aliandika nini. Anayeandika kwamba “Waelmolo wamekufa nusu” anawafanyia watu hawa ubaya mkubwa. Wapo, Layeni na Komote, vijiji vyao vilivyo kaskazini kidogo ya kituo cha Loiyangalani.

Komote hiyohiyo inatupeleka kwenye ramani, na hapa sifa zinapungua.

Ramani ya karatasi ya Survey of Kenya kwa eneo hili ni ya kipimo cha 1:100,000, yaani sentimita moja ni kilomita moja. Huuzwa katika makao ya idara hiyo Ruaraka, barabara ya Thika, Nairobi. Kwa umbo la nchi haijapata mshindani: mistari ya kimo ya Kulal, makorongo, majina ya lugga (mito ya msimu) na vilima ambayo hutayakuta mtandaoni. Kwa gari linalopita nje ya barabara kuu, inunuliwe. Lakini ilichorwa miongo kadhaa iliyopita. Usitazamie kuona mitambo 365 ya umeme wa upepo iliyo upande wa Sarima, iliyounganishwa na gridi mwaka 2018, wala sura ya sasa ya barabara ya kilomita 208 kutoka Laisamis iliyotengenezwa kwa ajili ya mradi huo. Kwa barabara hiyo utahitaji kitu kingine.

Na kuna mtego ambao karatasi yenyewe huutaja pembeni kwa herufi ndogo: ramani imechorwa kwa mfumo wa kutaja mahali uitwao Arc 1960, simu yako inasoma mfumo mwingine, WGS 84. Tofauti yake huku ni karibu mita 300, sehemu kubwa ikiwa upande wa kaskazini na kusini. Kwenye karatasi ni milimita 3, jicho halishtuki. Ufuoni ni tofauti ya kuwa mchangani au majini. Kabla ya kuingiza nukta yoyote kutoka kwenye karatasi, weka kifaa chako kwenye Arc 1960, UTM (gridi ya mita inayogawa dunia kwa kanda) kanda ya 37 kaskazini, ingiza nukta, kisha ndipo ukirudishe WGS 84. Kumbuka vilevile kwamba kanda ya 37 inaanzia nyuzi 36 mashariki. Ukivuka upande wa magharibi wa mstari huo, uko kanda ya 36 na namba zote zinabadilika.

Ufuo wenyewe usiuamini kwenye ramani yoyote isiyo na tarehe. Ziwa Turkana halina mto unaotoka. Maji huingia, hasa kutoka Omo wa Ethiopia unaoleta karibu asilimia 90, na huondoka kwa kukauka na jua. Kina kinafuata Omo. Bwawa la Gibe III, lililo kwenye mto huo, lilipoanza kujazwa mwaka 2015 ziwa lilishuka, na kufikia 2020, baada ya mvua nyingi, lilikuwa limepanda na kufunika sehemu za ufuo. Komote, iliyokuwa ikifikiwa kwa miguu, ilikatwa na maji ikawa kisiwa. Ramani za mtandaoni huweza kuonyesha njia ya nchi kavu mahali ambapo mtu sasa huvuka kwa mashua, kwa sababu tu aliyechora njia hiyo alitumia picha ya mwaka wa maji machache. OpenStreetMap ina faida moja hapa: historia ya kila mstari inaonekana, tarehe na yote, na ukikuta kosa unaweza kulirekebisha mwenyewe siku hiyohiyo. Kwa sababu hiyo tunaipa nafasi ya kwanza kati ya ramani za mtandaoni kwa eneo hili, hata kama kuna manyatta (makazi ya wafugaji) ambazo bado hazijachorwa.

Kinachokata mzizi wa fitina ni setilaiti ya Sentinel-2, ambayo picha zake ni za bure kupitia tovuti ya Copernicus Browser. Tafuta Loiyangalani, chagua Sentinel-2 L2A, weka mawingu yasizidi asilimia 20, chagua tarehe. Anga la huku ni jeupe siku nyingi, picha nzuri hazikosekani. Kisha acha rangi za kawaida na uchague mpangilio wa B8, B4, B3 (mikanda mitatu ya mwanga ambayo setilaiti hupima). Maji yanakuwa meusi, mawe ya volkano kijivu cha kukoza, na mimea hai inang’aa nyekundu. Sasa utaiona Loiyangalani kwa namna ambayo hakuna jedwali linaloweza kuionyesha: doa moja dogo jekundu la mikoma karibu na ufuo, na kuzunguka kwake karibu hakuna kitu, mpaka jicho lipande Kulal ambako wekundu unarudi juu penye msitu. Hapo ndipo mtu anaelewa kwa nini watu wamekusanyika pale walipokusanyika.

Kila nukta ya picha hiyo ni mita 10. Inatosha kuchora ufuo na kuona kama Komote imezungukwa na maji, haitoshi kuhesabu nyumba. Ukitaka miaka ya kabla ya 2015, tumia tovuti ya Global Surface Water Explorer, yenye kumbukumbu tangu 1984 kwa nukta za mita 30. Jihadhari na ukingo wenye matope na maji ya kina kifupi: programu huweza kuyahesabu kama nchi kavu, na ufuo ukaonekana umesogea kumbe ni tope tu. Chukua picha mbili au tatu za mwezi mmoja kabla hujaamua.

Mtu mwenye siku moja tu ya maandalizi atumie Juzuu la II na Sentinel-2, aache mengine. Mwenye wiki aongeze karatasi ya Ruaraka na majedwali ya maji na paa ya Juzuu la IV. Na yeyote anayekwenda kufanya kazi na watu wa pale, apitie kwanza ofisi ya chifu akiwa na mstari wake wa kata ndogo mkononi, aulize mambo matatu: ni manyatta zipi zimehama tangu 2019, mifugo iko upande gani mwezi huu, na maji ya kunywa yanachotwa wapi sasa.